Kipaji Kisipimwe kwa Haraka

Mzazi akiambiwa kwamba mtoto wake anawapita wenzake kwa akili, je, amhamishie darasa la wenye vipaji? Twajibu: ndiyo, lakini si mapema mno.

Tutazame mji wa New York, nchini Marekani. Kwa miaka mingi watoto wa miaka 4 walifanyishwa mtihani ili waingie katika madarasa ya namna hiyo. Wazazi wenye uwezo waliwalipia watoto wao mazoezi. Wengine hata hawakujua kwamba mtihani upo. Si ajabu kwamba watoto weusi na wale wenye asili ya Amerika ya Kilatini, walio wengi katika shule za umma, walikuwa wachache katika madarasa hayo. Mtihani ulipima akili ya mtoto pamoja na mfuko wa wazazi.

Mtihani huo uliachwa mwaka 2021. Mwaka 2022 mji uliongeza nafasi 1,000 za darasa la tatu, kwa ajili ya wanafunzi wanaofaulu vizuri, kila mmoja katika shule yake. Njia hii yaelekea haki zaidi, kwa maana mtoto wa miaka 8 amekwisha kuonyesha mwenyewe anachoweza, mbele ya mwalimu anayemjua.

Basi ahamishwe mtoto anayechoshwa na wepesi wa masomo yake, wala si yule anayetafutiwa sifa na jamaa. Nanyi mnaowasaidia wadogo zenu masomo, msiharakie kusema: huyu anaweza, yule hawezi.