Meza ya Snuka Nyumbani mwa Karani



Twaomba nafasi kidogo katika gazeti letu, ili tuwaarifu wanachama wenzetu habari ya meza ya snuka iliyokwisha kutumika, ambayo tuliinunua mwaka 2021 na kuiweka katika nyumba tunayokaa, nyumba isiyo yetu bali ya kazi. Twasikia makarani wawili watatu wanataka kufanya vivyo hivyo, na si vema tunyamaze.

Bei yenyewe haikututisha. Klabu moja ilikuwa ikiuza vyombo vyake vya zamani, tukaipata meza kwa kiasi kisichofika mshahara wa miezi miwili. Furaha ilituzidi hata hatukuuliza kilichomo chini ya kitambaa. Kumbe ni jiwe! Meza kamili, yenye urefu wa futi 12 na upana wa futi 6, imelazwa mawe 5 bapa, ya jinsi ya vile vibao walivyoandikia watoto wa shule zamani, na pamoja na mbao zake uzito wapita tani moja. Sisi tuliwaita wachukuzi wa sokoni, hodari wa magunia, wasioijua meza. Jiwe la tatu lilipasuka mlangoni.

Basi atakaye kununua na amtafute fundi kabla ya meza. Fundi huvua kingo za mpira, hutia namba juu ya kila jiwe, kisha huyalaza upya kwa pimamaji na kuziba maungio. Kitambaa cha zamani kikishavuliwa aghalabu hakifai tena; kipya ni cha sufu, na malaika yake sharti yaelekee upande wa mpira mweusi. Kwetu jiwe, fundi na kitambaa vilipita bei ya meza.

Tena chumba. Mchezaji hurudisha fimbo nyuma, kwa hiyo yatakikana futi 22 kwa 16. Chetu kilikuwa futi 18 kwa 13. Tulitoa viti na kabati. Mama watoto akawa anapokea wageni jikoni, wala hakusema neno, na kimya kile twakikumbuka hata leo.

Hayo yote yangevumilika. Lakini mwaka 2023 ikaja barua ya uhamisho, na fedha ya mizigo haikuhesabu tani ya mawe. Aliyetufuata nyumbani mle alitaka chumba, si meza. Tuliiuza kwa robo ya gharama.

Neville Chamberlain (si yule Waziri Mkuu), ofisa wa jeshi la Waingereza anayetajwa kuwa mwanzilishi wa mchezo huu huko Jabalpur, Bara Hindi, mwaka 1875, naye alihamahama kama sisi. Kanuni zilipobandikwa katika klabu ya Ootacamund mwaka 1882, yeye alikuwa amefika huko na mchezo kichwani. Meza zilikuwa za mesi na za klabu.

Wako watakaosema kwamba meza ya nyumbani humzuia mtu asiende vilabuni kunywa. Nasi tulisema hivyo hivyo tulipoomba mkopo. Rai yetu ni kwamba wanachama wachange, meza moja iwekwe katika ukumbi wa chama, na asiyeweza kungoja anunue ile ndogo ya futi 6, inayobebwa na watu wachache.

Fimbo zetu mbili tungali nazo. Ukumbi ukipata meza, tutazileta.