Acheni kufomati kompyuta kwa sababu ya kipanya!

Leo sina habari za programu mpya wala mbinu za kuandika kodi. Leo nina neno na mafundi wa kompyuta, nina jingine na wanaotuuzia kibodi na vipanya visivyo na waya, na nikibakiwa na nguvu nitakuwa na dogo la wateja pia.

Kila mwenye kompyuta ya mezani ya aina hiyo anajua ninachozungumzia. Unasogeza kipanya, mshale unabaki pale pale, halafu ghafla unaruka hadi upande wa pili wa skrini kama panzi. Unaandika Nairobi, inatokea Nairbi. Ukirudia inatokea Nairooooobi. Unampigia fundi. Fundi hata kabla hajaketi ameshatoa hukumu: hiyo ni virusi, tufomati.

Virusi! Yaani kuna mtu mahali fulani duniani ameketi akaandika virusi vya kula herufi moja ya Nairobi na kuziacha nyingine.

Hebu tuanze na jambo ambalo fundi huyo hajawahi kuambiwa, au aliambiwa akapuuza. Kile kidude kidogo unachochomeka kwenye tundu la USB ni redio. Ni kipokezi. Kipanya nacho ni kituo cha utangazaji, kidogo sana, kinachoendeshwa na betri moja au mbili, na vingi vya siku hizi hutangaza katika masafa ya 2.4 GHz, yaani kati ya megahezi 2400 na 2483.5. Masafa hayo hayahitaji kila mtumiaji akate leseni yake, kwa hivyo kila mtu amehamia huko. Wi-Fi iko huko. Bluetooth iko huko. Oveni ya maikrowevu hupasha chakula kwa karibu megahezi 2450 na huvuja kidogo. Ni kama stendi ya matatu saa kumi na mbili jioni: makanga wote wanapiga kelele kwa pamoja, na wewe unajaribu kumsikia mtu anayekunong'oneza kutoka ng'ambo ya barabara.

Lakini jirani mbaya kuliko wote hakai hewani. Anakaa kwenye kompyuta yenyewe.

USB 3.0 ilitangazwa Novemba 2008, ndiyo yale matundu ambayo mara nyingi hutiwa rangi ya buluu (si kila mtengenezaji anafuata rangi hiyo). Yanapitisha data kwa gigabiti 5 kwa sekunde, na umeme unaokimbia hivyo hutoa kelele za redio zinazosambaa hadi ndani kabisa ya 2.4 GHz. Hii si hadithi ya vijiweni. Aprili 2012 kampuni ya Intel, ambayo ni miongoni mwa waliobuni USB hiyo hiyo, ilitoa karatasi yake ikaeleza kwa vipimo. Waliunganisha diski ya nje ya USB 3.0 kwenye kompyuta, wakakuta kelele katika masafa ya 2.4 GHz zimepanda kwa karibu desibeli 20. Kwa lugha ya kawaida, nguvu ya kelele ni mara 100 ya ilivyokuwa. Na kifaa walichokitaja kuwa kinaumia? Kipanya kisicho na waya! Ushauri wao ulikuwa kuvikinga vizuri vifaa na matundu, na kukiweka kipokezi mbali na chanzo cha kelele.

Sasa tazama sisi tunafanya nini. Tunachukua lile sanduku la chuma tunaloliita CPU (najua, CPU ni kile kijipande kilicho ndani, lakini nenda dukani uite kwa jina jingine uone utakavyotazamwa), tunalitia chini ya meza, tunalielekeza mgongo ukutani, halafu kidude cha kipanya tunakichomeka huko nyuma, kando ya tundu la buluu lenye diski ya nje. Kwa hivyo kile kinong'ono kinatakiwa kipenye mbao, kizunguke chuma, kifike mahali penye kelele mara 100. Halafu tunashangaa mshale unakwama.

Mama mmoja jirani yangu ana kibanda cha kuchapa kazi: barua za kuomba kazi, kumbukumbu za vikao vya chama, mitihani ya shule za karibu. Mwaka 2023 kipanya chake kilianza kukwama. Fundi akaitwa, akatazama dakika 2, akabeba CPU begani akaenda nayo. Siku ya pili ikarudi safi kama mtoto aliyezaliwa jana. Faili za miaka 4 hazikuwepo. Fundi akasema alidhani mama ana nakala mahali pengine. Akalipwa shilingi 1,500 zake akaondoka. Jioni hiyo mama akachomeka diski ya nje anayohifadhia picha za pasipoti za wateja, atafute kama kuna chochote kilichosalimika huko, na kipanya kikaanza kukwama tena.

Diski ya nje, msomaji. Tundu la buluu. Kidude cha kipanya kwenye tundu la pili yake.

Nilipoitwa nilikihamisha kidude hicho mbele ya CPU na ugonjwa ukaisha hapo hapo. Faili ndizo hazikurudi. Programu za kufufua zilitoa chache, kwa sababu Windows mpya ilikuwa imeshaandikwa juu ya nyingi. Mwalimu aliyekuwa ameacha mtihani wa muhula humo alilazimika kuutunga upya, na sijui mama alimwambia nini.

Kinachoniudhi zaidi ni kwamba fundi wa aina hii ana ushahidi. Atakuambia amefomati kompyuta mia na zote zilipona. Naam, zilipona kwenye meza yake! Kule kwake hakuna diski yako ya nje, hakuna ruta yako, CPU iko juu ya meza, na mara nyingi anatumia kipanya chake cha waya kwa sababu chako ulikiacha nyumbani. Bila shaka itaonekana nzima. Ukiirudisha nyumbani unakichomeka kidude kwenye tundu lolote, na ukibahatika likiwa la mbele, unamsifu fundi kwa majirani. Tiba imetokana na kubadilisha tundu, sifa imekwenda kwa kufomati.

Haya, tufanye kazi kama watu wazima. Kabla ya lolote, azima kipanya cha waya kwa jirani. Ukikitumia na mshale bado unakwama, basi redio haina hatia. Tazama kama diski au kichakataji kimelemewa, na hapo ndipo habari za virusi zinaweza kuzungumzwa. Ukienda vizuri, tatizo ni redio, na hakuna kufomati kutakakolitibu. Jaribio hilo halikugharimu hata senti.

Na herufi zenyewe husema. Ukiandika sentensi na herufi zote zikachelewa halafu zikamiminika kwa mpangilio sahihi bila hata moja kupotea, mara nyingi kompyuta ndiyo iliyokuwa imeshughulika. Herufi zikipotea kabisa, au moja ikijirudia kama ile Nairooooobi, mara nyingi ujumbe umepotelea hewani: kibodi ilituma kwamba umeachilia kitufe, ujumbe haukufika, kompyuta ikaamini kidole chako bado kimelala pale.

Betri badilisha, hilo hata mtoto anajua. Kisha ng'oa diski ya nje na flashi zote kwenye matundu ya buluu ujaribu. Kisha hamisha kidude mbele. Kama matundu ya mbele yamekufa (na kwenye kompyuta za mtumba hufa kweli), nunua waya wa kurefusha USB, ule wa kawaida wa USB 2.0 unatosha, na ni bei ya chipsi. Uchomeke nyuma, uupitishe juu ya meza, kidude kikae hatua ya mkono kutoka kwenye kibodi. Kama ruta yako imekalia CPU, iondoe hapo, na ikiwa ina masafa ya 5 GHz hamishia simu na laptopu huko upunguze msongamano. Kama kukwama kunatokea tu baada ya kompyuta kukaa kimya muda, nenda kwenye orodha ya vifaa vya Windows, fungua USB Root Hub, na kwenye ukurasa wa nguvu uondoe alama inayoruhusu kifaa kuzimwa ili kuokoa stima. Kompyuta ya mezani iliyochomekwa ukutani haina sababu ya kubana stima ya kipanya.

Kuna na wale wanaotumia televisheni badala ya skrini. Hapo hata kipanya cha waya huonekana kizito, kwa sababu televisheni hukaa ikirembesha picha kabla ya kuionyesha. Washa hali ya michezo kwenye menyu ya televisheni, usimsumbue mtu.

Sasa nyinyi mnaouza. Tangu 2012 jambo hili limeandikwa wazi. Wapo watengenezaji wachache wanaotia kijiwaya cha kurefusha ndani ya boksi, nawapongeza. Boksi nyingi ninazoziona Luthuli Avenue zina kidude tu, pamoja na picha ya kijana anayetabasamu na namba ya mita 10. Mita 10 za wapi? Za uwanjani, pasipo CPU ya chuma, pasipo diski, pasipo ruta za majirani 15 wa ghorofa moja. Kuandika namba hiyo bila neno hata moja kuhusu tundu la buluu ni kumficha mnunuzi jambo linalomhusu.

Halafu kuna la usalama, ambalo sitalirefusha. Mwaka 2015 Samy Kamkar alionyesha kifaa kilichofichwa ndani ya chaja ya ukutani, kinachosikiliza kinachoandikwa kwenye baadhi ya kibodi zisizo na waya za Microsoft. Mwaka 2016 kampuni ya Bastille ilionyesha kwamba kibodi za bei nafuu za watengenezaji kadhaa zilirusha kila herufi hewani bila kuificha. Nenosiri lako la iTax, la benki, la barua pepe, zote zikitangazwa kama matokeo ya mechi. Na ndizo hizo za bei nafuu tunazozikimbilia.

Najua kuna atakayesema bila waya ni raha. Kwa mwalimu anayetembea darasani na projekta, sawa. Kwa anayetazama sinema akiwa kwenye kochi, sawa kabisa. Lakini wewe ambaye CPU yako haijasogea tangu ulipoinunua, na kibodi iko sentimita 50 kutoka hapo, unakimbia waya kwenda wapi?

Na wateja, msijifiche. Fundi akija, akihamisha kidude, akidai shilingi 300, mnamwambia hajafanya kitu. Akibeba CPU, akaifomati, akairudisha kesho yake, mnalipa 1,500 na kumwongezea nauli. Tumewafundisha mafundi wetu kwamba kufikiri hakulipwi, kubeba ndiko kunakolipwa. Fundi akikaa chini akauliza maswali kabla ya kugusa bisibisi, mlipe kwa hayo maswali.

Ukiwa bado unataka ya bila waya, nenda dukani na diski yako ya nje. Mwambie muuzaji akichomeke kidude nyuma ya CPU, kando ya diski hiyo, aanzishe kunakili faili kubwa, halafu uandike aya nzima ukiwa umekaa kwenye kiti. Akikataa, Luthuli ina maduka mengi.