Ukiwa na mafua, mama, taja kwamba unanyonyesha

Mvua zikianza kunyesha, baridi ya Nyanchwa, mjini Kisii, huleta mafua nyumba hadi nyumba. Mama aliyekesha na pua iliyoziba hufika duka la dawa asubuhi, huomba “dawa ya homa” na kupewa tembe. Hasemi kwamba ananyonyesha, wala haulizwi.

Siku mbili baadaye pua imefunguka, lakini mtoto analia titini. Mama mkwe asema maziwa yamekauka, mtoto apewe uji. Mtoto wa miezi miwili! Kumbe huenda chanzo ni zile tembe.

Tembe kadhaa za kufungua pua zina sudoefedrini, ambayo kwenye pakiti huanza kwa herufi “pseudo”. Dawa hii hubana mishipa ya damu iliyovimba puani, lakini kwa kuwa humezwa, huzunguka mwili mzima. Mwaka 2003, watafiti wa Australia walitangaza matokeo ya kuwapa akina mama wanane miligramu 60 za dawa hiyo mara moja tu. Kwa wastani, maziwa yao ya siku hiyo yalipungua kwa asilimia 24. Dawa inayoingia katika maziwa ni kidogo, ila watoto wengine husumbuka na kukosa usingizi. Mwenye maziwa tele huenda asione tofauti. Mwenye maziwa haba ataiona.

Basi mama afanye nini? Asiache kunyonyesha, kwani maziwa yake yana kinga. Anawe mikono kila mara, aoshe pua kwa maji safi ya chumvi, anywe vinywaji vya moto. Ikibidi, dawa ya matone ya puani ni afadhali, kwani ni kidogo sana inayoingia katika damu. Asiitumie zaidi ya siku chache, la sivyo pua itaziba tena. Kwa maumivu, parasetamoli inafaa. Dawa ya kikohozi yenye kodeini aikatae. Inaweza kudhoofisha pumzi ya mtoto.

Na ikiwa maziwa yamepungua tayari? Aache tembe hizo, amnyonyeshe mtoto mara kwa mara, na amwone mwuguzi kabla ya kufikiria uji. Hadi miezi sita, mtoto hahitaji chakula kingine.

Dukani, neno la kwanza liwe: “Mimi ninanyonyesha.”