Valvu ya Breki Ichaguliwe kwa Hesabu

Miongoni mwa wapenzi wa magari ya kasi imezuka desturi inayostahili kukosolewa. Mtu huongeza nguvu ya injini, hufunga diski kubwa za breki, kisha hununua valvu ya kugawa shinikizo la mafuta kwa kufuata sifa za muuzaji au mfano wa gari la rafiki. Valvu hiyo ni kifaa kidogo, lakini ni miongoni mwa vitu vinavyoamua iwapo gari litasimama likiwa limenyooka au litageuka nyuma mbele.

Sababu ni ya kimaumbile. Gari linapopunguza mwendo, uzito huegemea mbele. Chukua gari la kilo 1,200, lenye kilo 660 juu ya ekseli ya mbele na kilo 540 juu ya ile ya nyuma. Nafasi baina ya ekseli ni mita 2.5, na kitovu cha uzito kiko nusu mita juu ya ardhi. Juu ya lami kavu, likipunguza mwendo kwa kiasi cha 0.8 ya mvutano wa dunia, kilo 192 huhamia mbele. Nyuma husalia asilimia 29 tu ya uzito wote. Juu ya changarawe, kwa kiasi cha 0.4, huhamia kilo 96, na nyuma husalia asilimia 37.

Magurudumu ya mbele yakitangulia kukwama, usukani haufanyi kazi, lakini gari huendelea kunyooka. Yakitangulia ya nyuma, gari huzunguka, na dereva hana nafasi ya kujisahihisha.

Valvu haiongezi shinikizo. Mpaka kiwango fulani, shinikizo la mbele na la nyuma hupanda sawasawa. Baada ya hapo, la nyuma hupanda polepole zaidi. Katika valvu nyingi za kurekebishwa kwa mkono, skrubu hubadilisha kiwango hicho tu. Uwiano unaofuata haubadiliki. Kwa hiyo valvu haiwezi kuponya breki za nyuma zilizo dhaifu. Pistoni, diski na pedi hazina budi kupimwa kwanza; valvu huja mwisho.

Wako wanaodai kwamba dereva stadi hahitaji hesabu, kwani mguu wake humwambia yote. Hoja hii ina ukweli nusu. Aliyerekebisha valvu yake kwenye changarawe hadi akaridhika, akiingia lami kavu atakanyaga kwa nguvu zaidi, na ekseli ya nyuma itabaki na uzito mdogo kuliko alivyouzoea. Mguu wake utakuwa umemdanganya.

Gari la mashindano lipewe valvu ya kurekebishwa, na vipimo vya kila aina ya njia viandikwe. Gari la barabarani linafaa valvu isiyobadilika, iliyochaguliwa kulingana na uzito wake. Gari ambalo kompyuta yake hugawa breki lisiongezewe valvu yoyote. Ile ya kiwandani isiachwe ikifanya kazi pamoja na mpya kwenye bomba moja. Majaribio yafanyike mahali palipofungwa, kwa mwendo mdogo kwanza, mpaka ithibitike kwamba magurudumu ya mbele ndiyo hutangulia kukwama.

Anayetumia barabara hiyo kwa miguu hakushirikishwa katika uchaguzi wa valvu, lakini kosa likitokea naye hulilipia.