Uzito Si Kufuli

Wapo wanaodhani kwamba chuma, kwa kuwa ni kizito, hujishikilia chenyewe juu ya tela. Dhana hiyo ni ya hatari. Katika barabara ya Lusahunga, Biharamulo, hadi Rusumo, Ngara, malori yaendayo Rwanda hushusha nondo kwenye miteremko mikali. Dereva akifunga breki ghafla, mzigo hutaka kuendelea mbele. Kanuni za Ulaya zataka chuma cha tani 25 kizuiwe kwa nguvu ya tani 20. Kamba haitoshi: yatakiwa minyororo, kabari, na mbao chini ili kisiteleze. Tajiri apunguzaye minyororo ili aongeze faida anafanya biashara ya roho za dereva, utingo na watoto waendao shule. Watumishi wa umma hatuna budi kuukagua mzigo kabla ya safari, si baada ya maafa.