Makampuni yasitukimbie, yatusikilize

Ndugu wachimbaji wa Masisi na Walikale, na ninyi mama mnaolipa minervali ya watoto kwa kilo ya koltani, tuongee juu ya kanuni za OCDE kwa makampuni ya kimataifa.

Sisi hatukuzijua shuleni, tulizijua ku tumbo. Mwezi wa saba 2010 Marekani ilitoa sheria juu ya madini ya vita. Mwezi wa kenda, Rais Kabila akafunga uchimbaji wa mikono katika Nord-Kivu, Sud-Kivu na Maniema mpaka mwezi wa tatu 2011. Wanunuzi wengi wakakimbia. Tulishuka milimani mikono mitupu, tukaambiwa ni kwa ajili ya kutulinda.

Lakini kanuni zenyewe hazisemi kukimbia. Ziliandikwa 1976, zikarekebishwa 2011 na 2023. Zinadai kampuni ijue inanunua kwa nani, itafute hatari, iitengeneze, iseme wazi imefanya nini. Mwongozo wa madini unasema: kama muuzaji analisha kundi la silaha, acha kununua kwake mara moja. Hapo tunakubali, maana sisi ndio tunazika watu. Lakini kama shida ni rushwa ya barabarani, kampuni inaweza kubaki na kuirekebisha pamoja na wenyeji. Kutupa vilima vyote kwa sababu vinaitwa Kivu, hilo halimo.

Tena kuna etiketi inayofungwa ku mfuko. Malipo yake inashuka ngazi kwa ngazi, kutoka komptuari mpaka kwa PDG wa shimo, na mwisho inakatwa ku bei yetu. Usafi wa simu ya Ulaya unalipwa na mwenye sururu. Ni haki gani hiyo?

Mwaka 2002 wataalamu wa ONU walitaja kampuni 85 kwamba zilivunja kanuni hizi hapa Kongo. Mwaka uliofuata, faili nyingi zikasemwa zimeisha. Mchimbaji alipata nini?

Hata hivyo mlango uko. Nchi zaidi ya 50 zimekubali kanuni hizi, na kila moja inapaswa kuwa na ofisi ya kupokea malalamiko, inaitwa Point de contact national. Kongo haimo, lakini sendika inaweza kulalamika ku nchi ya kampuni yenyewe, kama vile Ubelgiji ao Uingereza. Si tribinali, haifungi mtu. Inaita pande mbili zizungumze, na jina la kampuni linaweza kujulikana.

Basi tuandike. Kila timu iwe na kaye: tarehe, shimo, kilo, bei, namba ya etiketi, nani alikata na kwa nini. Asiyejua kuandika, mtoto wake amsaidie. Bila kaye, malalamiko yetu yatabaki maneno ya barabarani.

Na kwa makampuni tunasema: msitukimbie. Lipeni etiketi yenu wenyewe, na mukikuja kuchunguza, muulize pia walio ndani ya shimo.