Shule zikifungwa, hasara kubwa huanza zinapofunguliwa

SERIKALI ilipotangaza Machi 17, 2020 kwamba shule za awali, msingi na sekondari zifungwe kwa siku 30, siku moja baada ya mgonjwa wa kwanza wa corona kuthibitishwa nchini, ukanda wa Pwani ulikuwa ndio unaingia katika masika. Siku hizo 30 zikaongezwa bila kikomo. Watoto wa shule za msingi hawakurudi darasani hadi Juni 29 mwaka huo.

Kwa mkulima wa mpunga katika mabonde ya Ruvu na Wami, kipindi hicho ndicho msimu wenyewe, tangu mbegu kuingia ardhini, palizi ya kwanza na ya pili, hadi siku za kuamia ndege. Kwa mwenye mikorosho ni wakati wa kusafisha shamba na kuanza kuandaa dawa. Kwa akina mama wa mwani wa Mlingotini, maji yakitoka, kazi haisubiri. Mtoto wa miaka tisa aliyekaa nyumbani wakati huo hakukaa bure hata kidogo.

Ndiyo maana wazazi wengi wa vijijini hawakupiga kelele. Tanzania haikuwafungia watu ndani kama walivyofanya baadhi ya majirani. Masoko yalikuwa wazi, mabasi yalitembea, mashamba yalilimwa. Kilichofungwa barabara ni shule. Mzazi wa mjini aliyezoea kumwacha mtoto kwa mwalimu kutwa nzima alipata tabu ya kumlea, lakini mzazi wa kijijini alipata mikono miwili ya ziada. Kwa hesabu ya msimu mmoja alionekana amefaidika. Kosa la hesabu hiyo ni kwamba inaishia kwenye mavuno.

Hasara ya wazi ilionekana kwanza kwa wafanyabiashara wadogo, kwa sababu shule ya msingi ni soko. Chukua mfano wa shule yenye wanafunzi 600, na nusu yao wawe na Sh200 kila siku za kununua andazi, kipande cha muhogo wa kukaanga, ubuyu au barafu. Hiyo ni Sh60,000 kwa siku inayozunguka mikononi mwa akina mama wanne au watano walio nje ya geti. Ukiondoa likizo za kawaida na kuhesabu siku 50 tu za masomo zilizopotea mwaka ule, ni Sh3 milioni kwa shule moja. Ongeza fundi cherehani anayeshona sare, mwenye duka la madaftari, na mkulima anayewauzia akina mama hao muhogo na nazi.

Upande wa shule binafsi zilizojipanga kando ya barabara kutoka Bunju hadi Bagamoyo, mnyororo ni mrefu zaidi. Mwenye shule asiyepokea ada hawezi kumlipa mwalimu wala dereva wa basi, na muuza maharage, unga na kuni naye hungoja. Huko Kenya, ambako shule zilifungwa Machi 2020 na watoto wote kurudi Januari 4, 2021, shule moja binafsi ya eneo la Mwea ilijulikana dunia nzima baada ya kugeuza madarasa kuwa mabanda ya kuku na uwanja kuwa bustani ya mboga.

Benki Kuu ya Tanzania ilichukua hatua Mei 2020, ikashusha riba yake kwa mabenki kutoka asilimia 7 hadi 5 na kuyaruhusu yapange upya mikopo ya wateja walioathirika. Ni hatua nzuri, lakini muuza maandazi hakopi benki. Anakopa kwenye vikoba, na vikoba haviendeshwi kwa riba ya Benki Kuu.

Pamoja na yote hayo, biashara ya getini ilirudi siku ile ile kengele ilipolia. Andazi ambalo halikuuzwa Aprili halikuuzwa, basi. Lakini la Julai liliuzwa. Masomo hayafuati kanuni hiyo, na hapo ndipo lilipo jambo ambalo wazazi, kamati za shule na halmashauri wanapaswa kuliangalia kwa makini kuliko yote.

Oktoba 2005 tetemeko kubwa la ardhi lilipiga kaskazini mwa Pakistan. Shule za eneo lililoathirika zilifungwa kwa wastani wa wiki 14, karibu sawa kabisa na muda ambao shule za Tanzania zilifungwa mwaka 2020. Wachumi watatu, Tahir Andrabi, Benjamin Daniels na Jishnu Das, walichunguza kaya za huko miaka minne baadaye. Kwa msaada uliotolewa, nyumba zilikuwa zimejengwa tena na hali ya maisha ya kaya zilizokuwa karibu na ufa wa tetemeko ilikuwa imelingana na ya kaya za mbali. Watoto ndio hawakulingana. Wale waliokuwa karibu na ufa walikuwa nyuma ya wenzao kwa kiasi cha mwaka mmoja na nusu wa masomo.

Iweje kufunga miezi mitatu kuzae upungufu wa miezi 18? Maelezo yanayoingia akilini ni kwamba shule zilipofunguliwa, mwalimu aliendelea na mada iliyokuwa kwenye ratiba yake. Mtoto aliyekosa msingi wa kujumlisha akakuta darasa limeshafika kwenye kuzidisha. Hakuelewa mada hiyo, ikamfanya asielewe inayofuata, na kila muhula ukaongeza pengo. Ni kama mche wa mnanasi uliopandwa ukiwa dhaifu. Mbolea ya mwaka wa pili haiwezi kurudisha mizizi ambayo haikuota mwaka wa kwanza.

Hapa nchini shule zilipofunguliwa ziliagizwa kuongeza muda wa masomo kufidia siku zilizopotea. Hilo lilikuwa sahihi kwa darasa la saba, ambalo mtihani wake ulisogezwa hadi Oktoba 7 na 8, 2020. Na wapo watakaosema kwamba mambo yalikwenda vizuri, kwa kuwa ufaulu wa darasa la saba uliotangazwa na Baraza la Mitihani mwaka huo ulikuwa asilimia 82.68, juu kidogo ya asilimia 81.50 ya mwaka 2019.

Takwimu hiyo ni ya kweli, ila inajibu swali jingine. Inawahusu watoto waliokuwa wamebakiza miezi michache, ambao walimu waliwakazania na wazazi wakawatoa shambani. Tena inahesabu waliokaa kwenye chumba cha mtihani, na aliyebaki bondeni kuamia ndege hamo. Aliyepaswa kupimwa ni mtoto aliyeanza darasa la kwanza Januari 2020, akasoma wiki kumi hivi, akajua a, e, i, o, u, kisha akakaa nyumbani hadi mwisho wa Juni. Mtoto huyo, kwa hesabu ya kawaida, mwaka wake wa darasa la saba ni 2026. Kama pengo lake halikuzibwa alipokuwa darasa la kwanza na la pili, limekua pamoja naye.

Mkulima anaweza kuuliza linamhusu nini. Linamhusu mizani. Korosho ya Pwani huuzwa kwa mfumo wa stakabadhi ghalani, ambapo mkulima hupewa karatasi yenye uzito, daraja la ubora, na baadaye bei na makato. Asiyejua kugawanya hawezi kubaini kama makato hayo ni halali. Chupa ya kiuatilifu ina maelekezo ya mililita ngapi kwa lita ngapi za maji; asiyeweza kuyasoma huzidisha akachoma mimea, au hupunguza akapoteza dawa na fedha. Kusoma, kuandika na kuhesabu, ile KKK ya darasa la kwanza na la pili, ni zana ya kilimo sawa na jembe.

Je, shule iliyofungwa inaweza kuendelea kufundisha? Mwaka 2020 jibu la kitaifa lilikuwa vipindi vya redio na televisheni vilivyoandaliwa na Taasisi ya Elimu Tanzania. Nia ilikuwa njema. Lakini katika kaya nyingi za vijijini televisheni ni ya jirani, na redio siku hizi ni ile iliyo ndani ya simu, na simu inakwenda shambani na baba. Kipindi kikirushwa saa nne asubuhi, mtoto naye yuko shambani. Hata anayekisikia hawezi kumuuliza mtangazaji swali, na mtoto wa darasa la kwanza hajifunzi kuandika herufi kwa kusikiliza.

Njia isiyo na fahari lakini inayowezekana ni karatasi. Mwalimu wa shule ya serikali aliendelea kulipwa mshahara wakati wote shule zilipofungwa, na mara nyingi anaishi kijijini hapo hapo. Anaweza kuandaa kurasa mbili za mazoezi kwa wiki, zikapelekwa kila kitongoji siku ya gulio au siku ya zahanati, na za wiki iliyopita zikakusanywa zisahihishwe. Kama ugonjwa unaruhusu watu kukutana sokoni, unaruhusu watoto wanane kukaa kwa kuachiana nafasi chini ya mwembe kwa saa moja jioni, baada ya kazi za shamba.

Gharama? Kwa Sh100 kwa ukurasa, bei iliyozoeleka kwa wenye mashine za kunakili mitaani, kurasa mbili kwa watoto 600 ni Sh120,000 kwa wiki, yaani Sh1.2 milioni kwa wiki 10. Ruzuku ya uendeshaji katika utaratibu wa elimu bila ada ulioanza mwaka 2016 ilipangwa kuwa Sh10,000 kwa mwanafunzi wa msingi kwa mwaka, na Sh6,000 kati yake kupelekwa shuleni moja kwa moja. Kwa shule ile ile ya wanafunzi 600, hiyo ni Sh3.6 milioni. Karatasi za wiki 10 zingekula theluthi moja. Si kidogo kwa mwalimu mkuu anayedaiwa chaki na bili ya maji. Hata hivyo, kazi ikianza na darasa la kwanza hadi la tatu pekee, ambako hasara ni kubwa zaidi, na ikadurufiwa kwa wingi katika ngazi ya kata, gharama inashuka hadi chini ya nusu. Tena shule yenye ekari mbili za mananasi au mikorosho ina pa kuanzia bila kusubiri ruzuku.

Lipo jambo jingine katika utafiti ule wa Pakistan ambalo halikupewa uzito unaostahili katika mijadala ya elimu hapa nchini. Watoto ambao mama zao walikuwa wamemaliza angalau shule ya msingi hawakupata pengo kama la wenzao. Si kwamba mama hao walikuwa walimu. Huenda walijua tu kumuuliza mtoto leo umesoma nini, na kutambua jibu lisilo sahihi. Kijijini, kwa hiyo, mama aliyemaliza darasa la saba ndiye mwalimu wa akiba, na kila kitongoji kinao kadhaa. Wamo kwenye vikundi vya mwani, vya vikoba na vya kusindika muhogo. Kuwakabidhi karatasi na watoto wanane kila mmoja ni utaratibu unaohitaji kikao kimoja cha kijiji. Posho ndogo ya sabuni na nauli haitakuwa dhambi.

Kwa mantiki hiyo hiyo, binti aliyekatishwa masomo mwaka 2020 ni hasara ya vizazi viwili. Wakati ule aliyepata ujauzito shule zikiwa zimefungwa hakuruhusiwa kurudi. Zuio hilo liliondolewa Novemba 24, 2021.

Uganda ndiyo kielelezo cha mbali zaidi. Shule zake zilifungwa Machi 2020 na hazikufunguliwa kwa wote hadi Januari 10, 2022, na mwaka 2021 Mamlaka ya Taifa ya Mipango ya nchi hiyo ilikadiria kwamba asilimia 30 ya wanafunzi huenda wasirudi kabisa. Tanzania ilifunga kwa muda mfupi, na katika hilo wazazi wake wana cha kushukuru. Lakini ufupi huo ndio uliowafanya wengi waone hakuna kilichoharibika.

Na si corona pekee inayofunga shule. Aprili 2024 mafuriko ya Rufiji, ndani ya mkoa huu huu wa Pwani, yalizingira vijiji na kuwatenga watoto na madarasa yao. Virusi vya Marburg vilithibitishwa Kagera mwaka 2023 na tena Januari 2025. Mpango wa shule kufungwa ni nadra kuusikia ukisomwa kwenye mkutano wa kijiji.

Mpango huo hauhitaji mtaalamu kutoka mbali. Unahitaji seti ya mazoezi ya KKK iliyokwisha kuchapwa na kutunzwa kabatini kwa mwalimu mkuu, orodha ya akina mama wa kila kitongoji, saa za masomo zinazokwepa palizi, na siku mbili za kwanza baada ya kufungua kutumika kumsikiliza kila mtoto akisoma kabla mwalimu hajaandika mada mpya ubaoni. Asiyeweza apangwe na wenzake wa kiwango chake, hata kama ni wa darasa la chini, kwa saa moja kila siku hadi afike. Kwa watoto wa mwaka 2020 siku hizo mbili zilipita zamani, lakini kuwasikiliza wakisoma bado kunawezekana. Kwa wadogo zao, kamati za shule zinazokutana kabla ya masika ndizo zenye nafasi ya kuuliza kabati hilo lina nini ndani yake.